Je, wajua? Kwenye harusi ya Kanisa la Episkopali, mgeni naye huulizwa swali

Ibada ikiwa bado mbichi, bwana na bibi harusi wakishatamka kwamba wamekubaliana kuoana, kasisi huwaacha kidogo na kuwageukia waliokaa kwenye mabenchi. Huwauliza hivi: je, ninyi nyote mnaoshuhudia ahadi hizi, mtafanya kila mliwezalo kuwategemeza wawili hawa katika ndoa yao? Kanisa zima hujibu kwa sauti moja kwamba litafanya hivyo. Mgeni aliyekuja kutazama tu hujikuta naye ameahidi.

Kanisa la Episkopali ndilo Kanisa la Anglikana la Marekani. Wamarekani walipokwisha kujitoa kwenye utawala wa Uingereza, waumini hao waliunda kanisa lao wenyewe na kupitisha Kitabu cha Sala chao, chenye taratibu na maneno ya ibada, mwaka 1789 huko Philadelphia. Wenzetu wengi wanaoishi Marekani hualikwa kwenye harusi zake na majirani, wafanyakazi wenzao au wakwe. Mwanglikana wa Dodoma au Mombasa atatambua mengi, na Mkatoliki vilevile. Mpentekoste na Mwislamu wataona mambo mageni zaidi, ila hakuna atakayewalazimisha kufanya jambo wasiloliamini.

Sasa, swali lile linatoka wapi? Limo kwenye Kitabu cha Sala cha mwaka 1979, ambacho ndicho kinachotumika mpaka leo. Kitabu kilichotangulia, cha mwaka 1928, hakikuwa nalo. Ukitaka kuelewa kwa nini liliingizwa, fungua kurasa za ubatizo katika kitabu hichohicho. Huko nako kasisi huuliza mkutano kama utafanya yote uwezayo kumsaidia anayebatizwa aishi maisha yake ndani ya Kristo, nao hujibu kwamba watamsaidia. Imani iliyo nyuma ya maswali yote mawili ni moja: ahadi nzito haiachwi mabegani mwa aliyeitamka peke yake. Kanisa la Uingereza nalo lina swali la namna hiyo katika ibada yake ya kisasa ya ndoa. Waliofuatilia kwenye televisheni harusi ya Harry na Meghan pale Windsor, tarehe 19 Mei 2018, walisikia umati ukiulizwa na kujibu. Mhubiri wa siku ile, Askofu Michael Curry, ndiye aliyekuwa kiongozi mkuu wa Kanisa la Episkopali.

Kwetu kazi hiyo huwaangukia zaidi wasimamizi. Tunatafuta mke na mume waliokomaa katika ndoa, tunawasimamisha karibu na maharusi, na mambo yakiharibika nyumbani tunajua mlango wa kugonga. Kwenye harusi ya Marekani wanaosimama mbele kwa kawaida ni marafiki na ndugu wa rika la maharusi, wengi wao hawajaoa wala kuolewa, kwa hiyo usitegemee kuona sura ya mshauri pale. Mzigo wa kuilea ndoa umegawanywa kwa kila aliyeketi ndani, na wewe ukiwemo. Naliheshimu sana jambo hili, na nakuomba usijibu kwa mazoea. Ukijibu, jibu ukijua kwamba miaka mitano baadaye wakikupigia simu usiku, unayo sehemu yako.

Kabla ya swali hilo kuna mambo mawili. Kasisi hufungua kwa maneno ya kueleza ndoa ni nini, akikumbusha kwamba Yesu alihudhuria harusi ya Kana ya Galilaya. Kisha huuliza kama kuna mwenye sababu ya haki ya kuzuia ndoa hii, aseme sasa au anyamaze daima. Ukimya unaofuata usikutie hofu. Sheria za kanisa zinawataka wachumba watoe taarifa angalau siku 30 kabla na wafundishwe kuhusu ndoa; na kama mmoja aliwahi kuachana na mwenzi ambaye bado yu hai, ni lazima askofu wa jimbo aridhie. Pingamizi nyingi, kama zipo, huwa zimeshajadiliwa ofisini kwa kasisi.

Pengine utasubiri kumwona baba akimkabidhi binti yake, usimwone. Kitendo hicho si cha lazima. Kimewekwa mwishoni mwa ibada miongoni mwa nyongeza, na maharusi wengi huingia kwa namna waliyoichagua wenyewe. Viapo vyenyewe ni sawa kwa wote wawili, neno kwa neno: kupokeana kuanzia leo, kwa heri na kwa shari, katika utajiri na umaskini, katika ugonjwa na afya, kupendana na kutunzana mpaka kifo kiwatenganishe. Lile neno la mke kuahidi kumtii mume liliondolewa Marekani tangu kitabu cha 1928.

Viapo havifuati mara moja baada ya swali la wageni. Katikati husomwa Maandiko, na huenda yakafuatiwa na mahubiri mafupi. Wengi huchagua 1 Wakorintho 13, lakini limo pia fungu kutoka Tobiti, pale Tobia na Sara wanapoomba pamoja usiku wa harusi yao. Aliyezoea Biblia ya Kiprotestanti atalitafuta asilione. Mkatoliki analo kwenye Biblia yake. Ikisomwa Injili, watu wote husimama.

Kusimama na kukaa huko ndiko kunakowahangaisha wageni, bila sababu. Mlangoni utapewa kijitabu cha ibada, na maneno yenu mkutano kwa kawaida huandikwa kwa herufi nzito. Kwa jumla watu husimama wakiimba, hukaa wakisikiliza, na hupiga magoti au husimama wakati wa sala. Ukiona mbao zenye mito chini ya benchi la mbele yako, ni za kupigia magoti. Usiyezoea, kaa kwa utulivu, yatosha.

Baada ya viapo na pete, kasisi huunganisha mikono ya kulia ya wawili hao, na makasisi wengi huizungushia stola yao, kile kitambaa kirefu cha shingoni. Hapo hutangaza kwamba ni mume na mke. Kwa mafundisho ya kanisa hili, wanaooana ni wao wenyewe. Kasisi hushuhudia kwa niaba ya kanisa na kuwabariki. Ndipo husaliwa Baba Yetu, na Mkatoliki asishangae wenzake wakiendelea moja kwa moja na “kwa kuwa ufalme ni wako” pale yeye anapotua.

Sala zinazofuata ndizo ninazozipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya ibada. Moja huwaombea maharusi neema ya kutambua na kukiri makosa yao watakapoumizana, na kutafuta msamaha wa mwenzao na wa Mungu. Watakapoumizana, si kama wataumizana. Siku ya maua na picha, kanisa linasema wazi kwamba hawa watu watakoseana! Sala nyingine haiwahusu maharusi hata kidogo. Huwaombea watu wote walio katika ndoa walioshuhudia viapo hivi, ili maisha yao yatiwe nguvu na uaminifu wao uthibitishwe. Kama umekuja na mwenzi wako, hapo mnaombewa ninyi. Kama mlikuja mmenuniana, mnaombewa vilevile.

Maharusi hupiga magoti wakabarikiwa, kisha watu hupeana amani kwa kushikana mikono na waliokaa karibu. Harusi nyingi huishia hapo, nazo huchukua kati ya nusu saa na dakika 45. Nyingine huendelea na Ushirika Mtakatifu, na hapo hesabu saa nzima. Wanaoalikwa mezani ni waliobatizwa, wa kanisa lolote la Kikristo, ingawa Kanisa Katoliki haliruhusu waumini wake kushiriki huko. Anayepokea huweka kiganja cha kulia juu ya cha kushoto, hupewa mkate, na kikombe ni kimoja kwa wote, chenye divai. Asiyepokea anaweza kusogea mbele akiwa amekunja mikono kifuani ili abarikiwe tu, au akabaki kwenye nafasi yake. Mwislamu au asiye na dini abaki bila wasiwasi.

Kuna mawili ambayo ni heri uyajue kabla hujafika. Kasisi anaweza kuwa mwanamke, kwa kuwa kanisa hili liliidhinisha upadrisho wa wanawake mwaka 1976. Na tangu mkutano mkuu wa mwaka 2015 uliofanyika Salt Lake City, hufungisha pia ndoa za watu wa jinsia moja, jambo lililozidisha mpasuko uliokuwapo tayari kati yake na Waanglikana wa Kenya, Uganda na Tanzania. Kadi ya mwaliko itakuonyesha majina. Soma, uamue mwenyewe kwa dhamiri yako, na ujibu mapema.

Kujibu kadi ni jambo la msingi, kwa sababu viti na chakula cha ukumbini huhesabiwa kwa majina. Usimchukue binamu aliyeko mjini kwa matembezi ukidhani atapata pa kukaa. Hakuna kamati wala michango ya harusi. Maharusi huwa na orodha ya zawadi wanazohitaji, nazo hupelekwa nyumbani au ukumbini badala ya kanisani. Ibada huanza saa iliyoandikwa, kwa hiyo fika dakika 15 kabla. Simu izime, na usipige picha mpaka uone kijitabu kimesema nini, maana makasisi wengi hukataza wakati wa ibada. Vitenge na magauni yetu hupendeza sana pale. Vigelegele navyo vitunze mpaka maharusi wafike mlangoni, kisha vipige kwa nguvu zako zote.