Shahada ya Sayansi ya Siasa si ya Wanasiasa Peke Yao

Wengi huamini kwamba anayesoma sayansi ya siasa au uhusiano wa kimataifa ana njia mbili tu: kugombea uongozi au kuwa balozi. Imani hiyo ina chanzo, maana hao ndio tunaowaona kwenye habari.

Lakini katika nchi nyingi ubunge haudai shahada hii. Anachoondoka nacho mhitimu ni ujuzi: kusoma ripoti ya kurasa 200, kuipima hoja kwa hoja, kisha kuandika muhtasari wa kurasa 2 ambao mkuu wake atautegemea kuamua. Ujuzi huo unahitajika kwenye mashirika ya misaada, vyombo vya habari, vituo vya utafiti, benki zinazopima hatari za kisiasa kabla ya kukopesha, hata kampuni za usafirishaji zinazofuatilia vikwazo vya biashara. Kwa maoni yangu, takwimu na lugha ya ziada ndizo zinazoufungua mlango zaidi.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Chukua matangazo 20 ya kazi, ruka jina la cheo, soma sifa za mwombaji, uhesabu mangapi yanakubali "sayansi ya jamii au fani inayofanana", kundi ambalo sayansi ya siasa imo. Kisha waulize waliohitimu miaka 5 iliyopita wanafanya kazi gani leo.