Picha za viumbe wa Dar: tunayoaminishana si yote ya kweli

"Sisi wa Dar hatuna cha kupiga, mpaka twende Serengeti." Kauli hii naisikia kila mara kwa wenzangu tunaopenda kupiga picha za viumbe, na kila mara inaniuma. Kwa ajili yake watu wanafungia kamera kabatini mwaka mzima wakisubiri safari moja. Nenda Kunduchi kati ya Septemba na Aprili, maji yakiwa yamekupwa. Pembeni mwa mikoko utakuta vitwitwi wadogo wa kijivu, mdomo umepinda kidogo kwa chini, wanachokoa tope bila kupumzika. Wale wametoka Siberia, kaskazini kabisa, ndiko wanakotagia. Jirani yao utamwona ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene. Kitaalamu anaitwa Dromas ardeola. Chakula chake hasa ni kaa, na huzaliana pwani za huko Arabuni, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga humo, kwa kawaida yai moja tu. Wapo watu wanaovuka bahari kuja kumwona. Kwetu sisi ni nauli ya daladala.

Halafu kuna hili la lenzi, kwamba bila lenzi ndefu hupati kitu. Lenzi ndefu inasaidia, sitabisha. Ila kwenye tope la pwani kinachomsogeza ndege ni maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, bahari ya hapa hupanda na kushuka kama mita 3. Maji yakianza kujaa, sehemu ya kulia chakula inapungua na ndege wanasogea ufukoni wenyewe. Wahi, kaa chini, jua liwe mgongoni mwako, tulia. Anayewakimbilia huambulia picha za mikia. Na wapo wanaowarushia vitu makusudi ili waruke, eti picha ipendeze. Picha za namna hiyo tusizisifie. Kitwitwi anayejiandaa kurudi Siberia anahitaji kila tone la mafuta mwilini mwake, na kila akikurupushwa anayachoma bure.

Dhana inayonigusa zaidi ni ile ya kwamba kutaja mahali hasa ulipopigia ndiyo ukarimu kwa wenzako. Nami niliiamini. Miaka michache iliyopita nilipiga picha ya bundi, yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, kwenye tundu la ukuta wa ghala kuukuu. Nyuma yake walikuwepo makinda watatu, manyoya kama pamba iliyochambuliwa, mmoja akihangaika kummeza panya ambaye mkia wake ulikuwa bado unaning'inia nje. Niliituma kwenye kundi letu la WhatsApp la wapiga picha na nikaandika jina la mtaa. Mwenzetu mmoja akaipeleka kwenye kundi la familia yake, ikazunguka. Niliporudi wiki hiyo hiyo, tundu lilikuwa limezibwa kwa matofali. Chini ya ukuta palikuwa na mawe na manyoya. Mama mmoja jirani aliniambia, "Yule ni uchuro, mwanangu. Akilia juu ya paa, mtu anaondoka." Nilimweleza kuwa kazi ya bundi yule usiku kucha ilikuwa kuwakamata panya wa pale pale mtaani. Alinisikiliza vizuri, lakini makinda walishakufa. Na anwani nilikuwa nimeitoa mimi.

Tangu siku ile, kwa kiota, pango la popo au kinyonga adimu, nataja wilaya, basi. Kinyonga ana wanunuzi. Ni miongoni mwa viumbe waliokuwa wakisafirishwa nje wakiwa hai kabla serikali haijasimamisha biashara hiyo mwaka 2016.

Wengine hudhani wakinyamaza, picha nayo itanyamaza. Kamera ya simu ikiruhusiwa kutumia GPS huandika latitudo na longitudo, yaani mahali hasa ulipopigia, ndani ya faili. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ukituma kama dokumenti, kama tunavyofanya tukitaka isipoteze ubora, zinakwenda nayo. Zizime kwenye mipangilio ya kamera kabla hujatoka nyumbani. Jukwaa la iNaturalist, mtandao wa kuwekea picha na kumbukumbu za viumbe, huficha lenyewe mahali halisi pa viumbe walio hatarini kutoweka; kundi la WhatsApp halina ulinzi huo.

Kwa kunguru ni kinyume chake: taja mpaka mti. Watu husema kunguru si picha, mimi naona ni picha hasa. Kunguru wa India waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, wakaenea mpaka huku bara, na wanakula mayai na makinda ya ndege wetu. Picha ya kunguru akitoka kwenye kiota cha mnana na kinda mdomoni, yenye tarehe na mahali, ni ushahidi. Machweo ya Coco Beach tunayo tele.

Mwisho, picha ikishatumwa haigeuki kuwa ya wote. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ni mali ya aliyeipiga tangu alipoipiga, hata kama hajaisajili popote. Ukitaka kuipeleka kwingine, muulize mwenyewe kwanza. Mwenzetu yule angeniuliza, ningemwomba afute jina la mtaa.