Mikate ya siagi ya kusini mwa Marekani: unga baridi, maziwa ya moto

Usiichanganye na skonzi. Hapa hakuna hamira wala kungoja unga uumuke. Unga uliochanganywa na mafuta unasukumwa, unapakwa siagi, sukari na kungumanga, unaviringishwa, unakatwa vipande, kisha unaokwa ukiwa umekaa ndani ya maziwa matamu. Juu hukauka na kupata rangi ya kahawia, chini hulainika, na maziwa hugeuka kuwa mchuzi mzito.

Kwa vipande 12 ninatumia unga wa ngano gramu 250, beking pauda vijiko viwili vya chai, chumvi nusu kijiko, na siagi baridi gramu 110. Wapishi wengi wa zamani walitumia mafuta ya nguruwe. Yanalainisha unga kuliko siagi, ila ladha ni ya siagi. Sugua mafuta kwenye unga kwa ncha za vidole, na uache mengine yakiwa na ukubwa wa njegere. Ongeza maji ya baridi sana kidogo kidogo, kama mililita 90 hivi, na uache mara tu donge linaposhikana. Usikande. Ukikanda unga huu utavutika kama wa chapati, na mikate itatoka migumu. Funika, weka kwenye friji nusu saa.

Sukuma mstatili wa sentimita 30 kwa 25, unene wa nusu sentimita. Paka siagi laini gramu 90, ukiacha ukingo mmoja mrefu mtupu. Nasema laini, si iliyoyeyuka: iliyoyeyuka inakimbia pembeni kabla hujamaliza kuviringisha. Nyunyiza sukari gramu 80 na kungumanga iliyokunwa papo hapo, nusu kijiko cha chai. Ya unga iliyokaa kabatini miezi haina harufu ya maana, bora mdalasini. Viringisha kuelekea ule ukingo mtupu, ulowanishe kwa maji, ubane. Kata vipande vya sentimita mbili na nusu kwa kisu kikali, uvipange, upande uliokatwa ukiwa juu, kwenye chombo cha sentimita 23 kwa 23. Acha nafasi ya kidole kati yake, maana vitatanuka.

Sasa maziwa, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Pasha mililita 450 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta pamoja na sukari gramu 100. Vipovu vidogo vikianza kuonekana pembeni ya sufuria, epua, tia vanila kijiko kimoja cha chai. Yamimine kwenye nafasi kati ya vipande, si juu yake. Yafike nusu ya kimo chao. Maziwa baridi huloweka unga mbichi kabla haujaanza kuiva, ndiyo maana chini hubaki uji. Yakizidi nusu, mikate inachemka badala ya kuokwa.

Oka nyuzi 180 za Selsiasi, dakika 35 hadi 40. Usipandishe moto ili kuharakisha: maziwa yakitokota kwa nguvu hukatika, na mchuzi unakuwa na chembechembe. Chembe chache ni za kawaida na haziharibu ladha. Rangi ikitangulia, funika kwa karatasi ya foili, uendelee.

Chombo kikitoka, mchuzi utaonekana mwepesi mno na utashawishika kukirudisha. Kiache dakika 15. Wanga uliotoka kwenye unga unaendelea kuushika mchuzi kadiri unavyopoa. Vikibaki, viweke kwenye friji. Usiku kucha vitanyonya karibu mchuzi wote, kwa hiyo unapopasha moto ongeza maziwa vijiko viwili vitatu pembeni.