Vyama Viwili Mgodini: Wengi, Lakini Wengi wa Wapi?

Katika semina zetu kwa viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, hatulikosi swali hili: wachimbaji wa mgodi mmoja wakigawanyika katika vyama viwili, ni kipi chenye haki ya kujadiliana na mwajiri? Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyakazi kujiunga na chama akitakacho, lakini haki ya kujadiliana kwa niaba ya wote hukipa chama chenye wanachama walio wengi katika kitengo husika cha majadiliano, yaani kundi la wafanyakazi ambao wingi huo huhesabiwa miongoni mwao. Neno "wengi" halimsumbui mtu. Neno "kitengo" ndilo linalohitaji kuangaliwa, na kwa hilo napenda kutumia mfano wa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Nottinghamshire, Uingereza, waliogawanyika mara mbili ndani ya miaka sitini.

Mwaka 1926, wachimbaji wa Uingereza walipofungiwa nje ya migodi kwa kukataa kupunguziwa mishahara, George Spencer, mbunge na kiongozi wao wa Nottinghamshire, alipatana na wamiliki na kuanzisha chama chake, ambacho ndicho pekee walichokitambua. Kura iliyopigwa mwaka 1928 ilionyesha zaidi ya wachimbaji 30,000 wakikitaka chama cha zamani na takriban 2,500 tu wakikitaka cha Spencer, lakini wamiliki hawakutikisika. Chama kilichokataliwa na watu kiliishi hadi 1937, kwa sababu ufunguo wa chumba cha majadiliano ulikuwa mfukoni mwa mwajiri. Vyama vilipounganishwa baada ya mgogoro mkali wa mgodi wa Harworth, urais alipewa, ajabu, Spencer huyohuyo.

Mgawanyiko wa pili hausimuliki kirahisi kama kisa cha wasaliti na mashujaa. Machi 1984, baada ya shirika la umma la makaa kutangaza mpango wa kufunga migodi 20, chama cha taifa cha wachimbaji, NUM, chini ya Arthur Scargill, kiligoma eneo baada ya eneo bila kura ya taifa. Nottinghamshire walipiga kura yao wenyewe, karibu robo tatu wakakataa, na wengi wao wakaendelea kuteremka mgodini huku wenzao kutoka Yorkshire wakiwazuia malangoni. Walidai kura ya taifa kwanza, na dai hilo lilikuwa na nguvu. Hata hivyo, mwaka 1977 kura ya taifa ilikuwa imeukataa mpango wa kulipa motisha kulingana na uzalishaji wa kila eneo, na Nottinghamshire, yenye matabaka manene ya makaa na mashine nyingi, ikaupokea hivyo hivyo. Kwa mpango huo, mchimbaji wa huko alipata motisha ambayo mwenzake wa Wales Kusini, akilalia ubavu kwenye tabaka jembamba, hakuweza kuifikia hata akitoka jasho maradufu. Kwa maoni yangu, hati ya mshahara iliwatenganisha kabla ya mgomo.

Mwaka 1985 wakaunda chama chao, UDM. Safari hii walikuwa wengi kweli: palipokuwa na wingi wa UDM, mwajiri alijadiliana na UDM, na wanachama wa NUM waliobaki katika migodi hiyo wakakosa msemaji. Kanuni ya wengi ilifuatwa, ila mpaka wa kuhesabia ulikuwa umehama kutoka taifa hadi kaunti, na mwajiri aliyekuwa akikabiliwa na chama kimoja sasa alikuwa na viwili vya kuchagua ataanza na kipi.

UDM waliamini kwamba migodi yenye tija na uhusiano mwema na mwajiri vingewalinda. Oktoba 1992 serikali ilitangaza kufunga migodi 31 kati ya 50 iliyosalia, na kadhaa ya Nottinghamshire ikiwemo. Roy Lynk, rais wa UDM, aliteremka chini ya mgodi wa Silverhill akakaa humo siku kadhaa kupinga uamuzi huo. Thoresby, mgodi wa mwisho wa Nottinghamshire, ulifungwa mwaka 2015. Kellingley wa Yorkshire, eneo la wale waliogoma, ukafuata Desemba mwaka huohuo.