Popo wa kwenye jani la mgomba

Kila ninapoalikwa kufundisha wanyamapori katika darasa la awali huku Kibosho, mkoani Kilimanjaro, nabeba mwavuli mweusi uliokatika mpini. Naufungua nusu tu, nawaacha watoto wapitishe vidole kwenye zile njiti na kwenye kitambaa kilichotandazwa kati yake. Kisha nawaambia: haya, tanueni viganja. Njiti ni vidole, kitambaa ni ngozi. Popo anaruka kwa mkono wake. Vidole vinne vimerefuka mno, vimebeba ngozi nyembamba. Kidole gumba kimebaki kifupi, kina ukucha wa kujishikizia. Hata jina la kisayansi la kundi lao, Chiroptera, ni Kigiriki cha mkono na bawa.

Naanzia hapo kwa makusudi. Mtoto wa miaka mitano ukimwambia kwanza "popo si ndege", umempa kitu ambacho popo sicho. Ukianza na kiganja chake mwenyewe, mengine anayafikia. Popo ananyonyesha. Ana vinyweleo kama vya paka (neno manyoya naliepuka, maana kuku naye anayo, na mtoto atakuuliza). Basi yeye ni wa ukoo wa mbuzi, paka na sisi, na katika wote wanaonyonyesha ndiye pekee anayeruka kwa kupiga mabawa.

Halafu tunatoka nje. Picha za popo wakubwa wa mapangoni sizibebi siku hizi, kwa sababu kihambani kwao, yaani shamba la migomba la nyumbani, yupo wa kutosha. Kuna popo mdogo anayelala mchana ndani ya jani changa la mgomba, lile lililosimama wima katikati, bado limejiviringa kama mkeka. Uzito wake ni gramu tatu au nne, sawa na kijiko cha chai cha sukari. Ndani ya jani ni kuteleza tupu, lakini kwenye gumba na nyayo ana vijisahani vya ngozi vinavyomsaidia kushika. Bibi mmoja aliniuliza kama ndiye anayemharibia ndizi. Hapana, bibi, huyu anakula wadudu wanaoruka usiku.

Somo la mwangwi linahitaji pipa tupu. Mtoto anainamia mdomo wa pipa, anaita jina lake, jina linamrudia. Popo huyu hufanya hivyo gizani kwa sauti nyembamba mno isiyosikika kwa masikio yetu, na kwa jinsi inavyorudi anajua nondo yuko wapi. Lakini wengi hutoka hapo wakisema popo ni kipofu. Ndipo natega: popo mbili zavuka mto! Wale waliolelewa na bibi hujibu haraka: macho! Basi nawaambia popo wote wana macho, na wanaona. Wale wakubwa wanaokula matunda wanayo makubwa kabisa, na wengi wao hutafuta chakula kwa macho na pua.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Miaka yangu ya mwanzo niliwaambia watoto "popo ni rafiki yetu". Wiki iliyofuata mtoto mmoja akaja na popo ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alimwokota chini ya mgomba. Kwa mtoto, rafiki anashikwa. Tulimnawisha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mimi na mama yake tukampeleka kituo cha afya siku ileile. Meno ya popo mdogo yanaweza kuacha alama usiyoiona, na kichaa cha mbwa, ambacho popo naye anaweza kukiambukiza, kikishaonyesha dalili huua karibu kila mara. Popo anayeokotwa mchana huenda ni mgonjwa. Neno rafiki nililiacha siku hiyo.

Tangu ugonjwa wa Marburg, ambao virusi vyake hubebwa na popo wala matunda, uthibitishwe Kagera Machi 2023, wazazi huniuliza kwa nini nisiwatishe tu watoto. Kwa sababu mtoto aliyetishwa humpiga popo mawe, na akimwangusha atamsogelea na kumchokonoa. Mimi nina sheria moja: kwa popo, mikono mgongoni. Hatushiki, hatuokoti, tunda lililotafunwa hatuli, tukimwona chini tunamwita mkubwa. Tunaikariri tukiwa tumesimama, mikono ikiwa hukohuko mgongoni.

Mwezi uliopita tulikwenda na wazazi saa kumi na mbili na nusu jioni kwenye kihamba kilicho jirani na shule, tukasimama hatua kumi kutoka kwenye mgomba tuliokuwa tumeuchagua. Jani lilikuwa limeshafunguka; huwa halimfai popo zaidi ya siku chache, kisha anahama. Nilitaka kueleza, lakini watoto walikuwa wameshatawanyika kati ya migomba, shingo juu, wakitafuta jani jingine lililojiviringa, na mikono yote ilikuwa mgongoni.