Nyota-nyoka wa mwambani Malindi: anaishije, anakula nini

Bamvua likipiga na maji yakakupwa, mwamba wa Malindi hubaki wazi na watu wakaingia kuchokoa pweza. Ukichungulia nyufa na vidimbwi vilivyosalia, huenda ukaona ncha za mikono myembamba zimechomoza, kahawia au nyeusi, zenye miiba mifupi pande zote mbili. Asiyemjua hudhani ni tandu. Huyo ni nyota-nyoka, na aina iliyozoea hasa sehemu hii inayofunikwa na kufunuliwa na maji ni Ophiocoma scolopendrina.

Nyota-nyoka ni ndugu wa kiti cha pweza na jongoo bahari. Duniani zipo aina zaidi ya 2,000, nyingine zikiishi kwenye vina ambavyo hakuna mzamiaji atakayefika. Wengi humchanganya na kiti cha pweza, ila ukiwaweka pamoja tofauti iko wazi. Mikono ya kiti cha pweza ni minene, nayo hubeba ndani yake sehemu ya matumbo. Nyota-nyoka ana kisahani kidogo cha mviringo katikati, na tumbo lote limo humo. Mikono ni pingili za mifupa zilizofuatana, zimefungwa kwa misuli, ndiyo maana hujipinda na kukimbia kwa kuitupa mikono, wakati ndugu yake anajikokota. Kinywa kiko chini, kina taya 5. Njia ya haja hana: mlango wa kuingilia ndio wa kutokea. Wala hana kichwa wala ubongo, isipokuwa pete ya neva iliyozunguka kinywa.

Lakini kinachomfanya huyu wa mwambani astahili kutazamwa ni ulaji wake. Maji yakiwa yamekupwa kabisa hutulia ufani, maana jua la Malindi kwenye mwamba mtupu si la mchezo. Maji yanapoanza kujaa, lile tabaka jembamba la kwanza la maji linalotambaa juu ya mwamba huja na povu, vumbi, vipande vya mwani na vijidudu vilivyoelea. Hapo ndipo anapoamka. Mikono miwili mitatu hubaki ndani ikishikilia jiwe, iliyobaki hutoka, hujipindua mpaka upande wa chini utazame juu, kisha hufagia uso wa maji huku na huku. Utando wa kunata hunasa uchafu, vijiguu laini vya chini ya mkono vinauvingirisha kuwa vidonge, na kupokezana navyo kiguu kwa kiguu hadi kinywani. Pakiwa na nyota-nyoka wengi, dimbwi zima linachezacheza. Ni muda mfupi tu. Maji yakishapanda, povu linakuwa mbali naye, basi hukamata chembe zinazopita au kuokota zilizotua chini.

Kwa hiyo makazi yake hayakutokea kwa bahati. Angekaa kwenye kina asingelifikia povu, na angekaa juu zaidi angekauka. Anahitaji pia tundu, kwa sababu mwili wake haupendi kuachwa wazi mbele ya samaki na kaa. Mwamba uliojaa mchanga na kuziba nyufa haumfai hata kama chakula kipo.

Akishikwa mkono, huuacha. Misuli na kano zinalegea, pingili zinaachana, mshikaji anabaki na kipande kinachojinyonganyonga huku mwenyewe akiponyoka. Mkono huota tena, lakini polepole, na mara nyingi utamkuta mmoja ana mkono mfupi kati ya mirefu. Watoto hufurahia kumvuta. Kwake ni gharama, kwani mkono ndio kijiko na ndio mguu. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, kumchukua ni marufuku kama ilivyo kwa konokono na matumbawe.

Kuzaana ni habari fupi. Dume na jike kila mmoja humwaga chake majini, mayai yanarutubishwa humo humo, na kiluwiluwi kisichofanana na mzazi huelea na mkondo kabla ya kutua mwambani. Huenda akatua mbali sana na alikozaliwa. Aina hii hii hupatikana Bahari ya Shamu, pwani yote ya Afrika Mashariki, hadi visiwa vya Pasifiki.