Gasketi ya hedi haina kosa: turbo kwenye injini kuukuu

Wiki hii nimeisikia tena moja ya dhana za gereji kuhusu turbo, ile pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Kijana kaleta Corolla yenye injini ya 4A-FE, turbo kafungiwa kwingine, oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa kwa kuchanganyika na maji. Hata boneti sijafungua, ananiambia: "Fundi, gasketi ya kawaida haiwezi turbo. Nifungie ya chuma na bolti ngumu, yaishe." Ilikuwa gasketi yake ya hedi ya tatu kuungua, yaani kizibo kinachobanwa kati ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) na bloku (mwili wenye silinda).

"Turbo ndiyo inayounguza gasketi, dawa ni gasketi ngumu."

Si kweli, na dhana hii inawamalizia watu pesa na injini. Turbo inayosukuma presha ya 0.5 bar inaongeza hewa ndani ya silinda kwa karibu nusu. Hedi iliyonyooka, yenye bolti nzima zilizokazwa sawasawa, inalimudu hilo. Isichokimudu ni petroli kulipuka ovyo. Kwa kawaida moto huanzia kwenye plagi na kusambaa hadi ukutani mwa silinda. Joto na mgandamizo vikizidi, mchanganyiko uliobaki pembeni haungoji moto uufikie; unalipuka wenyewe, wote kwa mara moja. Presha inaruka ghafla, hedi inanyanyuka kidogo juu ya bloku, na gesi ya moto inapenya na kuila pete inayozunguka silinda. Ukifunga gasketi ya chuma na milipuko ukaiacha ilivyo, kitakachofuata kuvunjika ni pistoni.

Nilichomoa plagi za kijana yule nikamwonyesha. Kauri yake nyeupe ilikuwa na vidoa vidogo kama pilipili manga, na vingine vinang'aa. Vile vinavyong'aa ni aluminiamu ya pistoni.

Chanzo ni kimoja karibu kila mara. Kontroboksi (kompyuta ya injini) ya 4A-FE inakadiria hewa kwa sensa ya presha ya manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye silinda, na sensa hiyo ilitengenezwa kwa injini isiyo na turbo. Turbo ikianza kusukuma, sensa imeshafika mwisho wa kipimo chake. Kontroboksi haioni hewa ya ziada, kwa hiyo petroli haitoshi na taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) hairudi nyuma inavyotakiwa. Ile pesa ya gasketi ya chuma ianze na kontroboksi inayopangika, nozeli kubwa za petroli, intakula (kipoza hewa ya turbo), na kipimo cha mchanganyiko. Turbo ikisukuma nataka nisome hewa 11.5 hadi 12 kwa petroli 1, kwa uzito. Taimingi naanza kwa kuirudisha nyuma digrii 1 kwa kila psi 1 ya presha ya turbo, halafu naisogeza mbele kidogo kidogo.

Na taimingi haipangwi kwa sikio! Injini hii ina distribyuta, kifaa kinachogawia plagi cheche. Unganisha kwa waya pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia, mulika kwa taa ya taimingi, hakikisha inasoma digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo mafundi wengi wanairuka.

Gasketi ya chuma ina mahali pake, lakini inataka uso laini uliochongwa kwa mashine. Hedi iliyosuguliwa kwa msasa wa mkono itavujisha maji. Kabla ya kufunga gasketi yoyote naweka rula ya chuma juu ya hedi na kupitisha filagegi, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Ikipita ya 0.05 mm, hedi inaenda kuchongwa.

"Panga gasketi mbili, kompresheni ishuke."

Kompresheni, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda, itashuka kweli. Ukiongeza unene wa 1 mm, kompresheni ya 9.5 inafika kama 8.7. Lakini pistoni ikifika juu, ukingo wake hukaribiana na hedi na kuuminya mchanganyiko uelekee kwenye plagi. Ukiinua hedi umeupanua mwanya huo, na mchanganyiko wa pembeni unabaki umetulia, tayari kwa mlipuko uleule unaoukimbia. Juu ya hayo, gasketi mbili zinateleza moja juu ya nyingine. Ukitaka kompresheni ndogo, nunua pistoni zake.

"Toa themostati, injini ipoe."

Kitabu cha matengenezo cha Toyota chenyewe kinakataza, hata kama gari linachemsha. Themostati ni vali inayofungulia maji ya moto njia ya rejeta; ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Weka mpya, na maji yawe na kulanti (dawa ya rejeta), maana maji matupu ya bomba yanaila hedi ya aluminiamu kwenye matundu yake.

"Pakaa silikoni pande zote mbili." Usipake. Inamenyeka na kuziba njia za oili.

"Hakuna moshi mweupe, kwa hiyo gasketi ni nzima."

Kwenye gari la turbo, moshi mara nyingi huja mwisho. Kwanza utaona maji yanasukumwa kwenye chupa ya akiba kila ukikanyaga sana mafuta, ilhali kipimo cha joto kiko katikati. Asubuhi, kabla ya kuwasha, minya hozi ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu na gari limelala usiku kucha, gesi ya silinda imeshaingia kwenye maji. Usiliwashe. Lilete likiwa linavutwa.